Shilingi ikishikwa Dodoma, greda linasogea Isyonje?

Kijiwe cha kahawa Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya kwenda Tukuyu, mwezi Mei. Redio imewekwa juu ya kreti la soda, Bunge limeanza saa tatu kama kawaida na maswali na majibu, na kila kiatu pale kina tope. Dereva wa Fuso aliyeshusha viazi usiku anapandisha sauti: jana mbunge mmoja wa huku kwetu ametangaza kwamba barabara ya Isyonje kwenda Makete isipopewa pesa atashika shilingi ya Waziri. Watu wakachangamka. Mzee mmoja aliyekuwa kimya akipuliza kahawa yake akauliza, "Akishaishika, sisi tunapata nini?"

Hakuna aliyemjibu vizuri, nami nikiwemo. Swali lile ndilo limenifanya niandike haya, kwa sababu wengi wetu tunasikia Bunge likibishana juu ya barabara kila mwaka, kisha tunashangaa mbona mahandaki ni yaleyale. Bunge letu lina kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Katiba inasema hivyo katika Ibara ya 63. Lakini kusimamia pesa ya barabara ni kazi yenye hatua kadhaa, na mahali ambapo kelele ni nyingi sipo ambapo pesa hupotelea.

Tuanze na shilingi yenyewe, maana inafurahisha.

Kila wizara ina namba yake katika vitabu vya bajeti, wenyewe huita Fungu. Ujenzi ni Fungu 98, Uchukuzi ni Fungu 62, na Ofisi ya Rais TAMISEMI, yenye tawala za mikoa na serikali za mitaa, ni Fungu 56. Waziri akishasoma hotuba yake, kamati ikatoa maoni na wabunge wakachangia, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na Katibu huanza kuvisoma vifungu kimoja baada ya kingine. Vikifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge husimama kutaka ufafanuzi wa jambo la kisera. Asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Wenzake humuunga mkono au humtosa, Waziri huinuka na kuahidi, na mara nyingi mno mbunge huishia kusema maneno ambayo kijiweni tunayajua kwa moyo: "Kwa maelezo hayo ya Serikali, narudisha shilingi."

Kwa nini iwe shilingi moja, na kwa nini aiondoe badala ya kuomba bilioni 2 ziongezwe kwenye barabara yake? Kwa sababu haruhusiwi. Ibara ya 99 ya Katiba inataka mambo ya kodi na matumizi yapendekezwe na upande wa Rais, kupitia Waziri. Mbunge anaweza kupunguza mchuzi chunguni. Kuongeza nyama hawezi. Kwa hiyo anachofanya ni kuishika ile sehemu ndogo kabisa anayoruhusiwa kuigusa, ili Waziri alazimike kusimama na kusema kitu kitakachoandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Ni mbinu iliyorithiwa kutoka Bunge la Uingereza, na kwa kazi hiyo moja inafaa sana: inavuta ahadi. Ahadi hiyo, hata hivyo, haina hata shilingi ndani yake.

Kuna na mambo mengine mawili yanayoifanya shilingi iwe nyepesi. Kwanza, muda wa Kamati ya Matumizi ukikaribia kwisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa. Wabunge huita gilotini, jina la mashine ya zamani ya kukatia vichwa, na linajieleza. Pili, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Mbunge anayefikiria kusema "Hapana" mwezi Juni, jina lake linapoitwa hadharani, anajua kwamba wakisema hivyo wengi, wote watarudi majimboni kuomba kura upya. Sijawahi kukutana na mbunge mwenye hamu hiyo.

Imetengwa, imetolewa, imelipwa

Haya maneno matatu ndiyo mzizi wa suala zima. Kwenye redio hutamkwa kana kwamba ni neno moja, na anayeyachanganya hataelewa kwa nini barabara yake haijajengwa.

Imetengwa maana yake Bunge limekubali kwamba mwaka huu wa fedha, kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, mradi fulani unaweza kutumia hadi kiasi fulani. Ni ruhusa. Tafuta hotuba ya bajeti ya Wizara ya Ujenzi, ruka salamu na pongezi, nenda moja kwa moja kwenye viambatisho mwishoni. Huko kuna majedwali yenye jina la barabara, urefu kwa kilomita, fedha za ndani na fedha za nje. Kwa mwaka 2024/25 Bunge liliiidhinishia wizara hiyo takriban shilingi trilioni 1.77, na sehemu kubwa zaidi ilikuwa ya maendeleo. Ukishaziona trilioni, shuka kwenye mstari wa barabara yako, kisha usome na maneno yanayouzunguka. "Kukamilisha upembuzi yakinifu na usanifu wa kina" maana yake mwaka huu utaona watu wenye vifaa vya kupimia na fulana za kung'aa. "Maandalizi ya kuanza ujenzi" maana yake hata hao huenda usiwaone. "Serikali inaendelea kutafuta fedha" haina haja ya mkalimani.

Imetolewa ni Hazina inapoachia pesa kweli. Makusanyo yakiwa madogo, au deni la nje likiwa limeiva, au mvua zikiwa zimebomoa madaraja mkoa mwingine, mradi uliotengewa bilioni 10 unaweza kupata 3. Hakuna kura inayopigwa hapo. Bunge husikia baadaye, kamati zinapopokea taarifa za utekelezaji wa nusu mwaka, au mwezi Machi wajumbe wanapozunguka mikoani kukagua miradi kabla ya bajeti mpya. Kwa maoni yangu, na mtu anaweza kunipinga, hapa ndipo Bunge lina mkono mfupi kuliko popote. Lina sauti kubwa pesa inapotengwa na lina kumbukumbu pesa inapokaguliwa. Katikati limekaa kama abiria wa siti ya nyuma: anaona barabara, usukani hana.

Imelipwa ni hatua ya tatu. Mkandarasi akishafanya kazi, tuseme kujaza tuta na kuweka makalavati mawili, anaandaa hati ya madai. Mhandisi mshauri anakagua, anapima, anathibitisha, na hati inapelekwa kwa mwajiri, ambaye kwa barabara kuu na za mikoa ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Mkataba una siku zake za kulipa. Siku zikipita, riba inaanza kuhesabika. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huyu tunayemwita CAG, zimekuwa zikiitaja riba hii mwaka baada ya mwaka: pesa ya walipakodi inayolipwa kwa sababu tumechelewa kulipa, na isiyojenga hata nusu mita ya mfereji. Mkandarasi naye hangoji amekunja mikono. Anapunguza vibarua, greda linahamishiwa mradi unaolipa, kambi inabaki na mlinzi na mbwa. Mwananchi akipita anasema mkandarasi mbovu. Pengine ni mbovu kweli, pengine anadai, na kwa kutazama geti la kambi huwezi kujua.

Nimeona kambi ya namna hiyo mara mbili katika nyanda hizi. Sitaji ni wapi, maana sijui nani alikuwa na kosa, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Pesa ya kituo cha mafuta

Kuna mfuko mwingine ambao watu wa bodaboda na Fuso wanaujua kwa maumivu. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 tozo hiyo iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Dereva wetu wa viazi akijaza lita 100, kwa nyongeza ile peke yake ametoa shilingi 10,000 kabla hajapiga starti.

Ndiyo maana hoja ya kijiweni huwa kali: "Tunalipa kila siku, lami iko wapi?" Lakini sheria ya mfuko huu inataka angalau asilimia 90 ya pesa iende kwenye matengenezo na dharura, na isizidi asilimia 10 kwa maendeleo. Yaani ni mfuko wa kuziba mashimo, kuchonga kwa greda, kufyeka kando, kuzibua mifereji na kunyanyua sehemu korofi. Lami mpya hutoka kwingine. Ukiwa na barabara ya vumbi usiulize Mfuko wa Barabara kwa nini haujakuwekea lami. Uliza mara ya mwisho mfereji wake ulizibuliwa lini. Ni swali dogo lakini lina jibu, na maji ndiyo yanayoua barabara huku kwetu. Kule Ludewa, kwenye kipande cha kilomita 50 cha Lusitu hadi Mawengi, ilibidi barabara ijengwe kwa zege, kwa sababu milima ni mikali na mvua haina mzaha.

Hapo hapo kuna mkanganyiko mwingine. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, chini ya Wizara ya Ujenzi. Za wilaya, za vijiji na mitaa ni za TARURA, iliyoanza 2017, chini ya TAMISEMI. Wizara mbili, mafungu mawili, kamati tofauti za Bunge. Diwani akipiga kelele kuhusu njia ya kutolea chai au mbao kwa Waziri wa Ujenzi, atajibiwa kwa adabu kwamba hiyo si yake. Ndiyo maana vikao vya huku haviishi bila ombi la barabara fulani "kupandishwa hadhi": iondoke TARURA iende TANROADS. Wanaoomba wanaamini kwa mkubwa ndiko kuna sufuria kubwa. Ni kweli kwa kiasi, ila huko kwa mkubwa foleni nayo ni ndefu.

Kikao chenyewe kinachopokea maombi hayo ni Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mkuu wa Mkoa ndiye mwenyekiti, wabunge wa mkoa ni wajumbe, na mameneja wa TANROADS na TARURA hufika na makabrasha yao. Kwa kumbana mtu mwenye majibu, mbunge ana nafasi nzuri zaidi humu kuliko pale Dodoma, maana meneja wa mkoa anajua kalavati lipi limesombwa na mkandarasi yupi hajalipwa. Ila hakuna redio. Asiyesikika redioni anaonekana hafanyi kazi, kwa hiyo nguvu nyingi huhifadhiwa kwa ajili ya shilingi.

Na kuna mambo yasiyoonekana kabisa kwenye kumbukumbu. Kuanzia Februari 2022 hadi 2025 mbunge wa Mbeya Mjini, Dkt. Tulia Ackson, alikuwa ndiye Spika. Spika haulizi swali la nyongeza wala hashiki shilingi, anaendesha kikao. Katika kipindi hicho ndipo ilipoanza kazi ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 za barabara kuu ya Tanzania–Zambia zinazokatiza jiji lenye malori kuliko uvumilivu. Kama kiti kilisaidia au hakikusaidia, Hansadi haiwezi kukuambia.

Mkaguzi anapofika, harusi imeisha

Bunge halina mafundi wa kutoboa lami na kupima unene wake. Macho yake ni CAG. Mwaka wa fedha ukiisha Juni, CAG anakagua, na kufikia mwisho wa Machi anamkabidhi Rais ripoti, kisha inawekwa mezani bungeni Aprili. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, inawaita maafisa masuuli, yaani Katibu Mkuu wa wizara au Mtendaji Mkuu wa wakala, wajieleze. Mjadala wa ndani ya ukumbi umekuwa ukifanyika miezi mingi baadaye, mara nyingi Novemba. Bunge linatoa maazimio, Serikali inajibu, na ripoti inayofuata inaonyesha yapi yametekelezwa na yapi bado.

Hebu tuihesabu kwa barabara moja. Chukua kazi iliyofanywa vibaya Septemba 2022. Imo katika mwaka wa 2022/23. Ripoti inatoka Machi 2024. Ikijadiliwa Novemba 2024, imepita miaka miwili na zaidi. Mikataba mingi ya barabara ina kipindi cha matazamio, ule muda ambao mkandarasi anawajibika kurudi kurekebisha kasoro kwa gharama zake baada ya kukabidhi kazi, na mara nyingi ni mwaka mmoja. Kazi iliyokabidhiwa mwishoni mwa 2022 imetoka nje ya kipindi hicho kabla ripoti haijachapwa. Azimio la Bunge linakuta barabara imeshakuwa mali yetu pamoja na nyufa zake.

Haimaanishi ripoti hazina meno. Aprili 2012, baada ya ripoti za CAG na za kamati kujadiliwa, wabunge walianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mwezi uliofuata mawaziri 6 waliachwa nje ya Baraza, akiwemo wa Uchukuzi. Lakini meno hayo yanategemea macho na mdomo kuelewana. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa sababu ya neno moja alilolitumia kulielezea Bunge, "udhaifu". Novemba mwaka huo aliondoka ofisini, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema namna alivyoondolewa ilikiuka Katiba. Kwa miezi ile, msimamizi alikuwa amegombana na miwani yake.

Mikopo nayo ina njia yake. Kwa sheria ya mwaka 1974 ya mikopo, dhamana na misaada, Waziri wa Fedha ndiye anayekopa kwa niaba ya Serikali. Kila mkataba wa mkopo haupitii kwanza kura ya wabunge. Barabara ya Iringa hadi Msembe, kilomita 104 za kwenda lango la Hifadhi ya Ruaha, imo katika mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwenye jedwali utaiona upande wa fedha za nje, na hapo mkopeshaji ana masharti yake: ununuzi upite kwake, fidia za waliopitiwa na barabara zilipwe, mazingira yakaguliwe. Mara nyingine mkopeshaji wa mbali anauliza maswali makali kuliko mbunge wa jirani. Silisemi hilo kwa furaha.

Nilirudi Uyole wiki chache baadaye. Mzee alikuwepo, dereva naye alikuwepo, na shilingi ilikuwa imesharudishwa. Nikamweleza mzee haya yote kwa ufupi niwezavyo, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia dereva, "Kijana, fungua hiyo simu utafute hilo jedwali." Ilichukua muda, mtandao ulikuwa unasuasua. Hatimaye kijana akaupata mstari na kuusoma kwa sauti, akifuata kwa kidole: Isyonje–Makete, kilomita 96.2, sehemu ya Kitulo–Iniho, kilomita 36.3.

"Si hiyo sasa?" mzee akasema. "Imeandikwa."

Dereva akairudisha simu mfukoni na kutafuta ufunguo wa gari. "Mimi napakia Kikondo, mzee wangu. Hiyo lami iko mbele huko, kwangu haifiki."